Mikono ya Mkaza Mwana

Daktari wa mifugo alichuchumaa zizini, akamgeuza kwa kijiti mwanambuzi aliyezaliwa mfu, wa tatu wiki hiyo.

"Nani alimzalisha mbuzi?"

"Mkaza mwana wangu huyu," mama mkwe alijibu kwa majivuno. "Kwa mikono mitupu, na wala hakukunja uso!"

Daktari hakucheka. "Ugonjwa huu unaambukiza watu, mama. Mwenye mimba asisogee hapa kabisa. Anaweza kuharibikiwa kama mbuzi wako."

"Aka, huyu bado. Mwaka wa tatu tunangoja."

Mkaza mwana aliegemea mlango wa zizi. Habari ya miezi yake miwili alikuwa ameibania mpaka Ijumaa, awafurahishe wote pamoja.

Ndipo alipoiona damu iliyokauka kuchani, kwenye mkono ule ule alioshikia tumbo.