Mkanda Mara Mbili

Wade Halvorsen aligusa mkanda wa kofia yake, chini ya kidevu, mara mbili. Dorsey Pruitt akaanza kukimbia kabla akili haijamwambia kwamba ishara ile haikuwa yake.

Wade alikuwa akimtazama Trevion, kijana mgeni kwenye timu.

Mpira, wenye umbo la yai, ulipaa juu ya vichwa vya walinzi, ukatua mikononi mwa kijana yule kwenye kona. Uwanja mzima wa Toledo ukasimama. Dorsey peke yake ndiye aliyebaki na mikono wazi, upande wa pili, kama mtu aliyekaribishwa harusini kwa makosa.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Tangu siku hiyo donge lilimkaa kooni, halishuki kwa maji wala kwa bia.

Ishara ile haikuandikwa popote. Waliibuni wao wawili, yeye na Wade, misimu minane iliyopita, kwenye maegesho nyuma ya duka la matairi, wakati hakuna aliyewajua. Maana yake: jifanye unakata ndani, kuelekea katikati ya uwanja, kisha nyoosha mbio hadi kona, mpira utakukuta huko. Wade mrushaji, Dorsey mdakaji wake. Kwa miaka yote hiyo, Wade alipoinua macho, uso wa kwanza alioutafuta ulikuwa wa Dorsey.

Sasa Dorsey alikuwa na kazi nyingine. "Unazuia watu vizuri sana," kocha alimwambia, kwa sauti ya mtu anayemsifu mtalaka wake kwa mapishi. Kazi ikawa kugongana na walinzi ili Trevion apite. Msimu mzima Dorsey hakuvuka mstari wa mwisho na mpira, kuipatia timu pointi, hata mara moja, na kocha alikwisha kumdokezea kwamba mwakani hakutakuwa na kabati lenye jina lake.

Kibaya zaidi, kijana hakuwa na ubaya. Kila asubuhi alileta donati za chumba kizima cha kubadilishia nguo, kama ulivyo wajibu wa mchezaji mgeni, na ya Dorsey ilikuwa daima ile yenye mdalasini. Alimbebea pedi za mabega bila kuambiwa. Alimwita Anko.

"Anko, magoti yameamkaje?"

"Yanakusalimia."

Chumba kilicheka, Trevion akacheka kuliko wote. Dorsey aliitafuna donati yake, akaiona chungu.

Mechi ya mwisho, ya kuamua ubingwa, ilikuwa dhidi ya Dayton, nyumbani, Desemba, theluji imesukumwa kandokando ya uwanja. Wakati wa kupasha misuli Dorsey alikwenda hadi mstari wa katikati kumsalimia Lamont Eggers, aliyesoma naye chuoni. Lamont alikuwa mlinzi wa nyuma kabisa wa Dayton, yule anayesimama peke yake na kumwona mrushaji usoni.

"Babu," Lamont alisema, "bado wanakulipa?"

"Kwa kusukuma watu. Kama baunsa wa baa."

"Nimekiona kifaranga chenu. Kinapaa."

"Ndiyo. Kinapaa."

Dorsey akainama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Akasema akiwa huko chini, "Wade akigusa mkanda wa kofia mara mbili, angalia anamtazama nani. Huyo atajifanya anakata ndani. Usidanganyike. Nenda kona."

Lamont aliinama karibu naye. "Mbona unaniambia?"

"Baridi hii. Nenda kapashe misuli."

"Basi nitaiweka hadi mwisho," Lamont alisema. "Kitu kama hicho hutumika mara moja tu."

Waliporudi chumbani, Trevion aliketi kando yake akijifunga plasta vidoleni.

"Anko, ni kweli msimu huu hujavuka mstari hata mara moja?"

"Umetumwa uniulize?"

"Hapana, Anko. Nauliza tu."

Dorsey alichukua kofia yake, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Kesho, aliwaza, wewe ndiye utakayeulizwa.

Ishara ilikuja kipindi cha kwanza, ikaja tena cha pili. Kila mara Trevion alidaka, na kila mara Lamont alichelewa kama mjinga. Dorsey aliona namna alivyochelewa, akajua kwamba bado anaitunza.

Ikafika saa yake. Dayton walikuwa mbele kwa pointi nne, muda umebaki wa mpira mmoja. Kuvuka mstari kungewapa pointi sita; bila hivyo hapakuwa na ubingwa. Wakakusanyika duara, mvuke ukiwatoka vinywani. Kabla Wade hajasema lolote, Trevion alimvuta mkono wa jezi, akamnong'oneza. Wade akamtupia Dorsey jicho, kisha wote wawili wakatabasamu.

Masikio ya Dorsey yakawaka moto ndani ya kofia. Chekeni, aliwaza. Chekeni sasa hivi.

Walijipanga. Trevion kulia, Dorsey kushoto. Dorsey hakuhangaika kumtazama mrushaji. Alitazama ng'ambo, aliposimama kijana, apate kuona vizuri atakavyoaibika mbele ya mji mzima.

Trevion alikuwa akimtazama yeye. Akamwinulia dole gumba.

Dorsey akageuka. Wade Halvorsen alikuwa amemkazia macho, kama zamani, kama kule nyuma ya duka la matairi. Akagusa mkanda mara mbili.

Nyuma kabisa, Lamont Eggers akaanza kusogea, polepole, kuelekea kona ya kushoto.