Msomaji wa Kwanza

Asubuhi ya sherehe za miaka arobaini ya televisheni ya taifa, Bi Mwanakheri alimpaka poda Waziri wa Habari bila kumtazama machoni. Ndiye aliyempaka kila mtu aliyetokea hewani tangu kituo kilipofunguliwa, enzi nchi ilipokuwa na runinga kumi na moja na mawaziri kumi na wanane.

"Mtangazaji atakuuliza," Waziri alisema, macho ameyafumba. "Utasema siku ya kwanza ulinipaka mimi nikasome habari. Umebakiza mwaka mmoja kustaafu, sivyo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Aliendelea kumpaka. Uso ule ulikuwa umenona kwa sifa za watu wengine, naye aliona kinyaa hata kuugusa.

Taa za studio zikawaka, Bi Mwanakheri akiwa ameketishwa kando ya Waziri. Mtangazaji akamgeukia kwa tabasamu. "Bi Mwanakheri, siku ile ya kwanza ulimpaka nani?"

"Nilimpaka Salha Mbaruku," alijibu. "Ndiye aliyesoma habari. Walimfukuza wiki ya pili, alipokataa kusoma kwamba nchini hakuna njaa."

"Na Mheshimiwa?"

"Mheshimiwa alikuwa akituletea chai. Nayo ilifika imepoa."

Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, Mkurugenzi wa kituo alipunga mikono yote miwili ili matangazo yakatwe. Mpiga kamera alimwona vizuri kabisa, kisha akainama kwenye kamera yake na kuanza kuusogelea, taratibu, uso wa Waziri.