Mwekundu Hafi

Mwekundu alikufa tena, na fundi saa akamzika nyuma ya choo kabla dada yake hajaamka. Alimfukia haraka haraka, akakanyaga udongo kwa kisigino, akanawa mikono. Kisha akatoka mbio kwenda kwenye kitalu cha miche kununua mwekundu mwingine.

"Huyu naye kafa?" aliuliza mwuza miche, maana walishazoeana.

"Wenzake wanamsonga," alisema fundi. "Yule wa manjano hana haya kabisa. Kajitanua chungu kizima."

Kusema kweli fundi huyu hakuwahi kupenda maua. Alipenda saa, ambazo zikifa hufufuka. Lakini alikuwa ametimiza miaka arobaini bila mke, akiishi kwa dada yake mkubwa, na dada alikuwa amechoka kumpikia. Ndiye aliyeleta habari kwamba mtaa wa juu yupo mama mmoja, mtu wa maua, ana binti anayesifiwa kwa tabia, na wachumba anawapima kwa njia zake mwenyewe.

Kila mchumba alipewa chungu cha kuweka nje, kimeoteshwa maua ya aina tatu pamoja. Wa zambarau, mrefu, kasimama katikati. Wa manjano kamzunguka. Mwekundu yuko ukingoni, kazi yake kutambaa na kuning'inia. Yule mama aliyataja maua kama watu, na wachumba nao wakaiga. Msimu ukiisha, vyungu virudishwe vikaguliwe.

"Asiyeweza kuwakalisha hawa watatu kwa amani," aliwaambia siku ya kwanza, "nyumba ataiweza?"

Wachumba walikuwa fundi, mwalimu wa hesabu na dereva wa gari la taka. Binti mwenyewe hawakumwona. Mama alisema katoka kidogo, lakini kandambili zake zilikuwa mlangoni, na gauni lake la kijani lilikuwa kwenye kamba likikauka. Fundi aliliangalia lile gauni mpaka shingo ikamuuma.

Alirudi nyumbani mtu mwingine. Maua yaliyonyauka aliyanyofoa kwa kibano chake cha kazi. Mvua kubwa ikija, alikikumbatia chungu na kukiingiza ndani, huku wateja wakimngoja kwenye benchi na saa zao mkononi. Dada alisema hata marehemu baba yao hakuuguzwa hivyo. Na bado wa zambarau na wa manjano walinenepa, mwekundu akafa. Akaletwa mwingine, naye akafa. Fundi akajiambia kwamba penye nia pana njia, na njia yake ikawa ni ile ya kwenda kitaluni.

Kila alipoitwa kutoa taarifa alikuta binti katoka kidogo, na gauni liko kwenye kamba.

"Msichana msafi," alimwambia dada yake. "Kila nikienda nakuta kafua."

"Hana gauni jingine?"

"Hapendi makuu."

Siku ya ukaguzi dada alimpigia pasi shati, halafu akamfungia nguo zake zote kwenye sanduku na kuliweka mlangoni, kwa sababu alikuwa na hakika. Fundi hakuwa na hakika hata kidogo. Mwekundu aliyekuwa chunguni alikuwa na siku mbili tu tangu aoteshwe, na njia ya mwongo ni fupi.

Chungu cha mwalimu kilibaki na wa zambarau peke yake. Cha dereva kilikuwa cha manjano mpaka chini. Cha fundi kilikuwa na wote watatu, na mwekundu anamwagika ukingoni utadhani kazaliwa pale. Mama alivaa miwani. Akapima kimo kwa futi kamba, akahesabu maua, akachomeka kidole kwenye udongo karibu na mwekundu. Fundi akaacha kupumua.

"Udongo wake mlaini sana," alisema mama.

"Nautifua kila mara, mama."

"Naona." Akapangusa kidole. "Nilishataka kumkataa huyu mwekundu. Nilidhani ni mdhaifu, hawezi kukaa na wenzake. Kumbe wabaya ni walezi."

Mwalimu na dereva waliinamisha vichwa, wakampa fundi mkono wa pongezi, wakaondoka na aibu yao. Mama akabaki anaandika ripoti ya manispaa, huku akieleza kwamba kwa matokeo hayo mwekundu ataoteshwa mji mzima, kuanzia barabara kuu mpaka hospitali. Fundi alimsubiri amalize. Alipoona hamalizi, akakohoa.

"Na binti, mama?"

Mama aliinuka. Akaenda kwenye kamba, akaanua lile gauni, ambalo upande wa jua lilikuwa limepauka likawa jeupe. Akatoa kiota cha ndege mfukoni mwa gauni, akalikung'uta, akalikunja. Akaokota na kandambili pale mlangoni. Vyote akavipanga vizuri kwenye sanduku lake la vifaa, kati ya futi kamba na mizani.

"Mwanangu," alisema, "ukimlipa mtu akutunzie chungu, hakitunzi."

Fundi alilifikiria sanduku lake mlangoni kwa dada. Akawafikiria na wale wekundu wote waliolala nyuma ya choo, akafungua mdomo awataje, akaufunga. Halafu akaufungua tena, taratibu.

"Mwoteshe kwa wingi, mama," alisema. "Huyo hafi."