Jina Lililofutika

Mama mgeni aliingia ghafla ofisi ya makaburi, amekumbatia mche wa waridi. "Mwanangu, nitafutie kaburi la mama yangu."

"Likipatikana lisipatikane, nitakwambia ukweli, mama," fundi wa kompyuta aliahidi.

Alipoliandika jina la marehemu, lilitokea kwenye kompyuta, lakini namba ya kaburi ilikuwa imeharibika. Kwa pupa fundi akabonyeza "Rekebisha" bila kutoa nakala ya kumbukumbu kwanza. Programu ikafuta kila kilichoharibika, pamoja na jina lile.

"Kompyuta nayo imekula chumvi nyingi, inasahau?" mama alitania alipoona jibu linachelewa.

Udongo wa mche ulidondoka mezani. Fundi aliufuta kwa kiganja, akishindwa kumtazama.

"Sema mtandao unasumbua," bosi wake, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimnong'oneza. "Ukisema vingine, kazi huna."

Fundi akainua uso. "Mama, mtandao ni mzima. Jina la mama yako nimelifuta mimi."