Mtihani wa Sauti

Hapa kambini, kila mwezi mashine inakusikiliza ukisimulia ulivyokimbia kwenu. Sauti isipotetemeka, inahesabu umepona. Unafutwa kwenye orodha ya ulinzi na kurudishwa ulikotoka.

Mratibu wetu, Dada Prisca, alininong'oneza kwa huruma: "Mama Nzigire, siku hizi unasimulia kama unamfundisha mtu kupika ugali. Jitahidi, mama."

Asubuhi ya mtihani nikamwomba mume wangu aupige mlango teke, kama wanamgambo walivyoupiga ule wa nyumbani kwetu. Alikataa, akalia, mwishowe akaupiga.

Nilitetemeka vizuri mno. Dada Prisca akanipongeza.

Tumebaki kwenye orodha. Ila mtoto wetu Nzigire, aliyezaliwa hapahapa na hajawahi kumwona mwanamgambo, siku hizi baba yake akipiga hodi hukimbilia uvunguni.