Kitanda cha Wakaguzi

Muuguzi wa wodi ya wazazi hakuwa mwizi, ila mlango wa chumba cha mapumziko, unaofunguliwa siku ya wakaguzi tu, leo ulikuwa umeachiwa ufunguo. Naye tangu alfajiri hajakaa. Akachungulia, akaingia.

Lo! Kitanda kipya, godoro bado limevaa nailoni kama bwana harusi anayeogopa vumbi. Akakaa ukingoni. Nailoni ikalia kwaru! Akashtuka, kisha akajilaza.

"Nani humo?" Matroni, mkuu wao, huyo mlangoni. "We binti, hicho cha wageni! Unataka barua ya onyo?"

"Mama, nipe dakika tano, halafu niandikie hata mbili."

Matroni akaliminya godoro kwa kidole. Akaliminya tena, kwa kiganja kizima.

"Hebu sogea huko," akasema, akifunga mlango kwa ndani.