Masaa Matano Nyuma

Taa nyekundu kwenye skrini ya ukutani ilimtia Torkel aibu mbele ya wageni wa manispaa. Seva ya akiba, ile inayonakili kila kitu ili seva kuu ikizimika ishike kazi, ilikuwa nyuma kwa masaa matano.

Torkel alikuwa kwenye wiki ya tatu tu kama mkuu wa ofisi ya foleni ya wanaosubiri nyumba za kupanga katika mji wa Lidaström, na tayari alijua kila kitu. Alimwita Gunvor, mtunza seva, aliyekagua nakala hiyo kila asubuhi na kuandika daftarini: masaa matano, sawa.

"Sawa ya wapi, mama?" alimuuliza mbele ya watu wakinywa kahawa. "Hata bibi yangu na mkongojo wake hachelewi hivyo."

Watu walicheka, maana mkuu akitania, hata kiziwi hucheka. Gunvor alijaribu kueleza, akakatizwa mara mbili. Mwishowe akamwambia tu aiache hivyo hivyo.

Gunvor mwenyewe alikuwa kwenye foleni hiyo. Miaka kumi na tisa alisubiri nyumba ya kupanga, akilala chumba cha chini kwa dada yake, na sasa kati ya watu elfu sitini walibaki arobaini tu mbele yake. Hakuna aliyeililia orodha ile kama yeye.

Jumatatu Torkel aliuondoa ucheleweshaji kwa mkono wake mwenyewe. Taa ikawa kijani. Akasitisha na nakala za kila usiku na kufuta za zamani, akisema ni gharama za bure, kisha akaagiza keki.

Jumatano, akiwaonyesha wageni walewale jinsi mfumo ulivyo mwepesi, alifuta orodha ya majaribio. Kumbe haikuwa ya majaribio. Majina elfu sitini yakayeyuka.

"Msihofu," alisema akitabasamu. "Seva ya akiba tunayo."

Waliifungua. Ilikuwa imenakili kila kitu bila kuchelewa hata sekunde, pamoja na kule kufuta. Haikuwa na jina hata moja.

Torkel alimgeukia Gunvor, jasho likimtoka. "Yale masaa matano yalikuwa ya nini?"

"Ya kumsubiri mtu kama wewe."

Kisha Gunvor akavuta kibodi, akaanza kuandika upesi. Torkel alisimama nyuma ya kiti cha Gunvor, akamwomba radhi kwa utani wote, akaapa kwamba akiwaokoa leo atamheshimu mpaka astaafu. Gunvor hakuinua kichwa. Alibonyeza kitufe cha mwisho, akaegemea kiti.

Torkel akainama kusoma skrini: *Hongera, Gunvor Hedlund. Umesajiliwa kwenye foleni ya nyumba. Nafasi yako ni ya kwanza.*